Mtoto Nisiyemtaja

Maradi, 2 Novemba 1986

Shangazi yangu Tabawa,

Nakusalimu mapema kabla jua halijawa kali. Vipi baridi? Vipi uchovu wa mavuno? Goti la kushoto je? Mbuzi mwekundu ameshazaa? Msalimie na Hamidu fundi cherehani, maana najua ndiye anayekusomea hii. Mwambie asiniongezee maneno kinywani. Mzarma huyo, mtani wetu, namjua.

Huku tu wazima. Mwenye nyumba, baba wa mtoto, anashinda gereji chini ya malori, anarudi na oili mpaka kwenye kope. Mama mkwe hajambo, anabangua karanga na kuzilaani, anasema za mwaka huu zimekonda. Mimi nipo. Nilikuwa sijakuambia: nina mimba ya miezi minne. Ndiyo maana unaona mwandiko umelala. Nimekaa chini, mgongo ukutani, miguu imevimba, na beseni la nguo za kufua linanitazama.

Ujumbe wako ulifika. Yule dereva wa Gaya aliutoa kwa mdomo, mbele ya mama mkwe na majirani wawili. Akamtaja mtoto kwa jina lake, akasema, "Shangazi yako anasema wakati wa kumwachisha ziwa umefika, umpeleke Tungan Kwara akalelewe huko, kama wewe ulivyopelekwa." Wote wakanigeukia. Mimi nikainama nikaendelea kuchambua mchele. Ungetaka nifanye nini? Ni kifungua mimba wangu. Mwanamke wa kwetu hamtaji kifungua mimba wake wala hana neno juu yake.

Ila nasikia barabara ya Konni imekatika. Na huyu mdogo wa humu ndani ana kikohozi. Na upepo wa vumbi umeanza, na nguo zake za baridi hazijashonwa. Tungoje kidogo.

Niombee mgongo.

Saade

---

Tungan Kwara, 30 Novemba 1986

Saade, binti wa kaka yangu,

Asemaye ni mimi Tabawa, nimekaa juu ya kinu kilichopinduliwa, pembeni ya cherehani ya Hamidu. Goti la kushoto limepona, maumivu yamehamia la kulia. Mbuzi mwekundu amezaa pacha. Maji mekundu ya masika yamekwisha kushuka na maji meusi ya kutoka mto wa juu hayajafika, kwa hiyo dikoni, kwenye mitumbwi, ni matope mpaka magotini na wavuvi wanatukanana. Kiboko amekula mpunga wa mwalimu. Huku ni hayo.

Nimefurahi kusikia habari ya tumbo. Mungu akushushe salama.

Sasa sikia. Sikukuuliza habari za barabara ya Konni. Malori ya vitunguu yanapita hapo kila siku, inaelekea hayajaambiwa kwamba imekatika. Kikohozi nitakitibu mimi, wewe nilikutibu vingapi? Na nguo za baridi Hamidu ameshazishona mbili, ya kijani na ya maua, bila hata kumpima mtoto.

(Mimi Hamidu: ya kijani nimeikosea mikono, imekuwa mirefu. Nilidhani mtoto wa Kimawri kama ninyi ana mikono ya nyani. Unisamehe, mtumwa wangu uliyetoroka.)

Mpuuze huyu. Habsu ana karibu miaka miwili na wewe una tumbo, maziwa yako hayamfai tena. Mtoto akiachishwa ziwa hupelekwa kwa bibi au kwa shangazi, akalisahau ziwa, akakua. Mimi nilifanyiwa hivyo, wewe nilikufanyia hivyo. Chumba chako kile nimekipaka chokaa. Nimempatia na kata ndogo ya kunywea uji. Tangu Rabi aolewe, yule msichana wa mwisho kumlea, nikiamka asubuhi namwita mbuzi kwa jina la Rabi. Hilo la mbuzi, Hamidu, usiliandike.

(Nimeshaandika.)

Hukusema hapana, basi ni ndiyo. Gari la Sule linatoka Maradi kila Alhamisi. Mpe mumeo Lawali salamu zangu, na mama yake.

Tabawa

---

Maradi, 11 Januari 1987

Shangazi yangu,

Barua yako imekaa wiki tano ndani ya gari la Sule. Alikwenda nayo Zinder, akarudi nayo, akaenda nayo tena, na alipokumbuka kunipa ilikuwa na duara la birika la chai katikati. Kwa hiyo usidhani nilikaa kimya kwa kiburi.

Vipi baridi ya mtoni? Hapa midomo imepasuka. Mama mkwe amenunua blanketi zito akalifungia sandukuni, eti la wageni, sisi tunatetemeka. Mwenye nyumba amejipiga kidole kwa nyundo, kucha imetoka. Mimi tumbo limepanda, nalala nimekaa. Kikohozi cha humu ndani kimepona. Sitakitumia tena kama sababu.

Umesema sikukataa, basi nimekubali. Shangazi, unajua vizuri kwa nini sikukataa. Ningesemaje? Mbele za watu simtaji wala simbebi. Akilia anachukuliwa na mama mkwe, mimi nikiwa naikodolea macho sufuria. Wiki iliyopita alianguka kwenye ngazi ya mlango, damu puani, wageni wamekaa. Miguu yangu ikataka kukimbia, nikaikalisha. Ndivyo nilivyofundishwa, na aliyenifundisha ni wewe. Kwa hiyo naandika, karatasi haina macho ya kunitazama.

Hapana. Simleti kukaa.

Si kwamba ulinilea vibaya. Sikulala na njaa kwako hata siku moja. Ulinipeleka shule majirani wakikucheka, na ndiyo maana leo naweza kukukatalia kwa wino. Lakini kuna jambo sijawahi kukuambia. Jumapili, siku ya soko, nilipokuwa nauza kuli-kuli zako za karanga, nilikuwa naliweka sinia karibu na diko, mahali pabaya, wakati wenzangu wote wanakaa karibu na mzani kwenye wateja. Ulinigombeza mara ngapi? Nilikaa pale kwa sababu mtumbwi wa mama ulifikia pale. Alishuka na magunia yake ya vitunguu akasalimia watu wote. Alikusalimu wewe, wapagazi, Zibo muuza samaki, nadhani hata mbwa wa Zibo alimwambia neno. Mimi akanipita. Akaenda akakaa, akanipa mgongo mpaka mtumbwi uliporudi ng'ambo.

Sasa mimi ni mtu mzima, najua ilikuwa haya. Mimi nilikuwa kifungua mimba wake, hakuweza kunitazama watu wakiona. Lakini nilikuwa na miaka sita, Shangazi. Nilichokijua ni ule mgongo. Nilidhani kuna kosa nimemfanyia, na nililitafuta kosa hilo mpaka alipofariki, mwaka ule nilioolewa.

Huyu wangu nitamwonea haya mbele za watu kama inavyotakiwa. Lakini mlango wangu ukifungwa nataka awe ndani. Ukikasirika, nikasirikie mimi.

Saade

---

Tungan Kwara, 8 Februari 1987

Saade,

Leo Hamidu anaandika kwa kichwa chake mwenyewe, kwa hiyo usitegemee busara.

Watu wote hawajambo. Shangazi yako anakula, anatembea, anagomba. Barua yako nimemsomea mara tatu. Mara ya kwanza akasema nimesoma vibaya, macho yangu yameharibika kwa kutunga nyuzi. Mara ya pili akaninyang'anya, akaitazama kama mtu anayetazama kidonda. Mara ya tatu aliinuka akaichukua. Aliikunja akaifunga kwenye pindo la nguo yake, na akibadili nguo anaihamisha.

Nikamuuliza, "Tabawa, tujibu nini?" Akaniambia, "Mzarma, shona." Nikashona. Wiki ikapita nikamuuliza tena. Akasema, "Wewe ni fundi au ni kadhi?"

Saade, mimi ni mtani wenu. Kazi yangu ni kuwatukana na kuwapatanisha. Matusi nimeyamaliza yote na upatanisho umenishinda. Lakini nakuambia nilichokiona: chumba kile cha chokaa anakifagia kila siku, na hakuna mtu ndani. Tumbo lako halingoji. Usimchoke.

Hamidu

---

Tungan Kwara, 1 Machi 1987

Saade,

Baridi imekwisha, joto limetukalia. Maji meusi yamefika mpaka ukuta wa zahanati. Mnanisalimia wote na mimi nawasalimia wote. Basi, salamu zimetosha.

Nimekaa na barua yako siku nyingi. Nilitaka kukujibu kwa hasira, lakini kila nikija hapa kwa Hamidu hasira inabaki nyumbani.

Nikuulize kitu. Sinia lako la kuli-kuli, siku ya Jumapili, liliwahi kurudi na kitu ndani? Ulikuwa unaingia kabla ya adhuhuri unaruka, "Shangazi, nimemaliza!" Wenzako waliokaa mahali pazuri walirudi alasiri na nusu sinia. Ulidhani wewe ni hodari wa kuuza? Kuli-kuli zako zilikuwa ngumu kama kokoto. Najua, nilizikaanga mwenyewe.

Aliyekuwa akizinunua ni Zibo. Zote, kila Jumapili. Umewahi kumwona Zibo akitafuna karanga? Zibo tangu wakati ule hana meno hata ya wali. Alikuwa anatumwa. Mama yako alimtuma kutoka kule nyuma ya magunia. Hakuweza kusimama mbele yako, kwa hiyo alinunua kila ulichokishika. Alivuka navyo mto, na huko ng'ambo waliniambia hakumwonjesha mtu.

Nilijua tangu Jumapili ya pili.

(Hapa ameinuka. Amekwenda kuwaangalia kuku, ambao hawana shida yoyote. Amerudi.)

Andika: nilijua na sikukuambia. Usiongeze kitu.

Njoo ujifungulie hapa. Nani atakukanda kwa maji ya moto huko Maradi? Mama mkwe wako ni mtu mwema lakini mikono yake haina nguvu. Majani ya mwarobaini nimeanza kuyakusanya. Kuhusu Habsu, tutaongea hukuhuku. Siahidi neno.

Tabawa

---

Maradi, 17 Machi 1987

Shangazi yangu,

Barua yako safari hii imefika haraka, nimeisoma nimesimama jikoni na ugali ukaungua chini. Tumekula hivyohivyo. Mwenye nyumba hakuuliza, alikwangua tu.

Juu ya zile Jumapili nimejaribu kuandika mara mbili nikachana. Nimekukasirikia na nimekushukuru, vyote viko tumboni mahali pamoja na mtoto anavipiga mateke. Miaka yote hiyo nilijisifu kwa wenzangu kwamba najua kuuza.

Nakuja. Alhamisi ya tarehe 26, gari la Sule, Mungu akipenda tutalala Dogondoutchi na kufika Ijumaa. Mwenye nyumba amekubali, na mama mkwe amenifungia karanga za kukuletea. Bado anazilaani, lakini amezifunga vizuri.

Nakuja na mmoja mkononi na mmoja tumboni. Nitarudi na wawili. Naliandika sasa ili usiseme sikulisema.

Saade

---

Tungan Kwara, 28 Juni 1987

Saade wangu,

Mmefika salama? Sule anasema mmefika, lakini Sule huyohuyo anasema gari lake ni jipya. Kichanga wetu Mainasara ananyonya? Usiache maji ya moto kwa kuwa arobaini imekwisha, mgongo wako bado mchanga. Mvua mbili zimenyesha, tumepanda uwele. Pacha wa mbuzi mmoja amekuwa mwizi, ameingia jikoni kwa mwalimu.

Umetuachia kazi hapa mjini. Hii ni Jumapili ya pili na diko zima bado linakuzungumza. Leo asubuhi Dije, yule wa vitunguu, amenisimamisha watu wakisikia.

"Tabawa, binti uliyemlea hana haya hata ya kulamba! Mbele ya wapagazi! Mbele ya wavuvi! 'Shangazi, nipe mwanangu!' Kifungua mimba wake! Masikio yangu bado yanawaka."

Nikamwambia, "Nimemlea mwenyewe, lawama nipe mimi. Wewe uliyelea wenye haya, wako wapi? Mmoja Kotonu, mmoja Lagosi. Salamu zao unazisikia redioni?"

Zibo akacheka fizi zote nje. Akasema, "Dije, nyamaza uuze. Mie ningekuwa yeye ningepiga kelele zaidi." Na wapagazi sasa wana mchezo. Mmoja akikataa kushusha gunia, mwenzake anamwambia, "Shangazi, nipe mwanangu!" na gunia linashuka.

Sasa nikuambie upande wangu, maana gari liliondoka hatujaongea.

Asubuhi ile nilimbeba Habsu mapema wewe ukiwa bado unaoga. Nilifunga mbeleko kwa mafundo mawili. Tulipofika dikoni kwenye gari, naye amelala mgongoni kwangu, kila mtu akaelewa kwamba anabaki. Na wewe ulielewa. Siku themanini umekaa kwangu, nimekukanda, tumeongea habari za dunia nzima, na hilo moja hakuna aliyeligusa. Ulikuwa unanisubiri nifungue fundo. Mimi nilikuwa nakusubiri useme. Sule akapiga honi. Ukapanda na Mainasara wako mgongoni, ukaketi, ukatazama mbele. Nikajiambia, basi, amenyamaza, mtoto ni wangu.

Sikufurahi, Saade. Nilidhani nitafurahi.

Nilikuwa nimeshaiona siku kama ile. Ulipokuwa na miaka saba mama yako alivuka mto siku isiyo ya soko. Wewe ulikuwa shule. Akaingia uani kwangu na kapu, akakaa kwenye mkeka tangu asubuhi mpaka alasiri. Akauliza habari ya goti langu, ya kuku, ya baridi. Kisha akauliza tena habari ya baridi. Ndani ya kapu niliona gauni dogo jipya, la kukuvalisha akurudishe kwake. Nilijua amefuata nini. Hakuweza kulisema, na mimi nikamuuliza kama vitunguu vimestawi. Alipoona kivuli kimefika mlangoni akaaga, akaondoka na kapu lake. Angesema neno moja ningekutoa. Lakini hakulisema, na mimi nikajifanya sijui kitu. Hilo ndilo nililokuwa nalinyamazia. Zile kuli-kuli zilikuwa ndogo.

Halafu wewe, asubuhi ile, ukashuka kwenye gari. Ukaja mpaka mbele yangu, ukalisema mbele ya mji mzima. Nami vidole vikakataa kufungua. Ukadhani nagoma, ukaanza kulifungua fundo mwenyewe. Sikuwa nagoma, mwanangu. Ni vidole tu.

(Mimi Hamidu: anafuta macho, anasema ni vumbi la vitambaa vyangu. Duka nimelifagia leo mara mbili.)

Niandikie. Niambie Habsu anakula nini.

Tabawa

---

Maradi, 19 Julai 1987

Shangazi yangu,

Tulifika salama. Gari lilikufa mara tatu njiani, mara ya tatu abiria wote tukasukuma isipokuwa mimi na kuku. Mainasara ananyonya kama aliyeahidiwa kwamba kesho hakuna. Unaona ninavyoliandika jina lake bila woga? Wa pili ana raha yake. Dada yake anakula kila kitu, na akiona mbuzi, mbuzi yeyote, anaita "Shangazi!" Usikasirike. Ni kwa mapenzi.

Habari ya kapu sikuijua. Nimeisoma mchana watoto wamelala, kisha nikatoka nikafua nguo zote zilizokuwapo, hata safi. Nikikuambia haikuniuma nitakuwa nakudanganya. Nakuambia pia kwamba hujanipoteza. Kama ningekuwa nimekuchoka ningenyamaza tu na kuondoka, na wewe ungebaki na ushindi wako mgongoni.

Nami nikuambie ya kwangu. Pale ndani ya gari nilikuwa nimeshakubali kushindwa. Nilijiambia, Sule akiwasha injini, basi, limekwisha, nitalia njiani. Akawasha. Ndipo nikajua kwamba siwezi. Sikushuka kwa ujasiri, Shangazi, nilishuka kwa kushindwa kukaa.

Sasa panga safari. Uwele ukishavunwa, umwachie Zibo kuku, uje ukae nasi mpaka baridi iishe. Nimemwambia mwenye nyumba, na ameshaanza kutengeneza kitanda kwa mabomba ya lori. Kitakuwa kizito lakini hakitavunjika. Mtoto awe na wewe mchana kutwa, umbebe utakavyo, umfungie mafundo matano. Jioni tutakuwa wote humu ndani. Na kila joto likianza nitakuja mimi nao huko. Hilo nimeliwaza vizuri, si maneno ya kukupoza.

Nimalizie na jambo lililotokea hapa, maana huna pa kulisikia.

Habari za dikoni zilifika Maradi kabla yetu, sijui kwa gari gani. Mama mkwe alinipokea, akanipa maji, akamchukua mtoto. Siku ya nne tumekaa tunabangua karanga, akaniuliza bila kuinua uso:

"Nasikia ulilisema."

"Ndiyo, mama."

"Wanaume wapo?"

"Wapagazi wote, mama. Na wavuvi."

Akabangua, akabangua. Nikajua sasa naambiwa nifunge mizigo yangu.

"Sauti yako ilikuwaje?"

"Mbaya, mama. Kama ya mbuzi aliyekanyagwa."

Akaguna. Hakuuliza tena kwa wiki nne.

Jana alasiri mwenye nyumba amerudi kutoka gereji, yuko uani amechutama kwenye beseni, anajisugua oili kwa sabuni. Unajua yeye ni kifungua mimba wa mama yake. Ana miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo mama yake akimtaka husema "wewe hapo", au "mwambieni yule". Nilikuwa napakua. Mama mkwe akasimama mlangoni, akashika mwimo wa mlango kama mtu anayeshuka kwenye mtumbwi, akamwita. Kwa jina lake, zima, majirani wakiwa uani kwao wanasikia.

Alishtuka akapindua beseni. Alikuja mbio amelowa, povu mpaka kwenye viwiko, uso umemwisha damu. "Nani kafa? Mama, nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa," mama yake akamwambia. "Chakula tayari."

Akaketi akala, povu likimkaukia mikononi, na hakuna aliyemwambia akanawe.

Saade